Bwawa la kuogelea katika nyumba ya likizo: usalama huanza kabla ya kushusha mizigo

Tunazungumzia jambo linalozigusa familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili walioko ughaibuni, hasa wakati wa sikukuu na likizo za shule. Jambo lenyewe ni usalama katika nyumba zinazokodiwa kwa siku chache ambazo zina bwawa binafsi la kuogelea.

Desturi hii ya kukodi nyumba nzima badala ya vyumba vya hoteli imeenea sana. Nchini Oman, familia hujikusanya siku za Ijumaa na Jumamosi katika nyumba za mapumziko ziitwazo istiraha, zilizotapakaa katika mashamba ya Barka na maeneo mengine ya pwani ya Batinah. Wanaoishi Uingereza husafiri wakati wa kiangazi kwenda Hispania, Ureno au Ufaransa. Wanaoishi Marekani huelekea Florida, ambako mji wa Orlando umezungukwa na mitaa mizima ya nyumba za likizo. Na wale wanaorejea nyumbani Afrika Mashariki kuwasalimu wazazi wao, baadhi yao hukodi nyumba za ufukweni huko Diani, Watamu, Nungwi au Paje.

Sababu za kupendelea nyumba hizi zinaeleweka. Gharama hugawanywa kati ya ndugu, chakula hupikwa kwa pamoja, na watu wanaojali sitara hupata faragha wasiyoweza kuipata hotelini. Hata hivyo, faragha hiyo ina upande wake wa pili. Katika bwawa la umma au la hoteli kubwa, mara nyingi huwapo mlinzi wa waogeleaji ambaye kazi yake ni kuyatazama maji. Katika nyumba ya kukodi hayupo mtu huyo. Kuanzia dakika ile mgeni anapokabidhiwa funguo, mlinzi ni yeye mwenyewe, awe anajua kuogelea au hajui.

Hebu kwanza tuangalie ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake iliyotolewa mwezi Desemba mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Uzito wa suala hili ndio ulioufanya Umoja wa Mataifa, mwaka 2021, kuitangaza tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya kuzuia vifo vya kuzama. Nchini Marekani, kuzama ndiko kunakoua watoto wengi zaidi wenye umri wa mwaka 1 hadi 4 kuliko sababu nyingine yoyote, na wengi wa watoto wa umri huo wanaozama hufia katika mabwawa ya kuogelea.

Tunaposikia habari kama hizo, aghalabu tunafikiria mtoto aliyekuwa akicheza majini na wenzake, kisha akazidiwa. Lakini uchunguzi umeonyesha picha iliyo tofauti kabisa. Katika miaka ya 1980, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Matumizi ya Marekani ilizichunguza ajali za watoto wadogo katika mabwawa ya nyumbani kwenye majimbo ya Arizona, California na Florida. Iligundua kwamba asilimia 69 ya watoto hao hawakutarajiwa kabisa kuwa bwawani wala kando ya bwawa wakati ajali ilipotokea. Karibu nusu yao walionekana kwa mara ya mwisho wakiwa ndani ya nyumba. Asilimia 77 walikuwa wametoweka machoni pa watu kwa muda wa dakika 5 au chini ya hapo. Na wengi wao walikuwa chini ya uangalizi wa mzazi mmoja au wazazi wote wawili.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kwa mtoto mdogo, saa ya kuogelea si lazima iwe ndiyo saa ya hatari kubwa zaidi. Hatari kubwa ni ile saa ambayo hakuna anayeogelea, wala hakuna anayelifikiria bwawa: mizigo inashushwa garini, wanawake wako jikoni, wanaume wanatafuta namna ya kuwasha jiko la mkaa, na mtoto wa miaka miwili anausukuma mlango wa kioo ambao hakuna aliyeufunga. Kwa hiyo, anayepanga usalama wa bwawa kwa kufikiria saa za kuogelea peke yake, ameipanga nusu tu ya kazi.

Nyumba ya kukodi huizidisha hatari hii. Nyumbani kwao, mtoto anaijua milango na wazazi wanajua ni upi unaofunga vizuri na upi una kasoro. Katika nyumba ya kukodi kila kitu ni kigeni. Mtoto amefika mahali papya penye maji ya buluu yanayometameta, pengine na maboya yenye sura za wanyama yakielea juu yake, na udadisi wake umeamka. Mzazi naye amechoka na safari na bado hajui hata swichi ya taa iko wapi. Wageni wawili hawa, mmoja mwenye udadisi na mwingine mwenye uchovu, ndio wanaokutana na bwawa siku ya kwanza.

Jambo la pili linalowapotosha watu ni sura ya kuzama kwenyewe. Wahenga wetu walisema kwamba mfa maji haishi kutapatapa. Methali hiyo ina hekima yake katika mambo ya dunia, lakini mzazi anayeisubiri ishara hiyo kando ya bwawa anaweza kuchelewa. Frank Pia, mwokoaji wa waogeleaji katika ufukwe wa Orchard Beach mjini New York, aliwachunguza watu waliokuwa wakizama na kuandika matokeo yake mwaka 1974. Alieleza kwamba mtu asiyejua kuogelea anapozama, kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Hawezi kuita kwa sababu mdomo wake unazama na kuibuka, na kila unapoibuka hauna nafasi ila ya kuvuta pumzi. Hawezi kupunga mkono kwa sababu mikono yake imenyooka ubavuni ikiyakandamiza maji ili imwinue. Mwili wake husimama wima, miguu haimsaidii, na hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60 kabla hajatoweka chini ya maji.

Wahenga hao hao wana methali nyingine isemayo kwamba mfa maji hukamata maji. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na yale aliyoyaona Pia. Mtoto aliyesimama wima majini, kichwa kimeinama nyuma, mdomo usawa wa maji, macho yamekodoka na haongei, huyo hachezi. Ukimwita na asikuitikie, usimwite mara ya pili bali mfuate. Na hekaheka za watoto zinapogeuka ghafla kuwa kimya, kimya hicho ni sababu ya kuinuka kitini.

Sasa tuje kwenye yale yanayoweza kufanywa, tukianza na wakati wa kuchagua nyumba. Picha za matangazo hulionyesha bwawa likiwa zuri, lakini kwa kawaida hazionyeshi namna linavyotenganishwa na nyumba. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kwa maandishi: je, bwawa lina uzio unaolizunguka pande zote nne? Je, lango la uzio hujifunga lenyewe? Milango ya nyumba inayotazama bwawa ina vitasa vya juu au kengele ya tahadhari? Kina cha maji ni kiasi gani upande wa kina kifupi na upande wa kina kirefu? Je, kuna boya la kuokolea au mti mrefu wa kumfikia mtu aliye majini? Mwenye nyumba asiyeweza kuyajibu maswali haya amekupa jibu tosha.

Suala la pande nne linahitaji ufafanuzi. Nyumba nyingi zina ukuta au uzio unaozunguka kiwanja kizima, na mwenye nyumba akiulizwa husema kwa nia njema kwamba bwawa limezungushiwa ukuta. Ukuta huo unamzuia mtoto wa jirani. Haumzuii mtoto aliyelala chumbani, kwa sababu upande wa nne wa bwawa ni nyumba yenyewe na mlango wake. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaeleza kwamba uzio wa pande nne, unaolitenga bwawa na nyumba, hupunguza hatari ya mtoto kuzama kwa asilimia 83 ukilinganishwa na uzio wa pande tatu. Huko Florida mabwawa mengi yamefunikwa kwa kizimba cha wavu wa kuzuia wadudu, na wageni hudhani kwamba wavu huo ndio kinga. Lakini mara nyingi mlango wa sebule hufungukia ndani ya kizimba hicho hicho, hatua chache kutoka kwenye maji.

Uzio unaofaa una urefu usiopungua mita 1.2. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 10, ili mtoto asiweze kupenya. Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na bwawa, na lijifunge lenyewe linapoachwa, huku komeo lake likiwa juu mahali mtoto hafiki. Viti, meza na vyungu vya maua visiwekwe karibu na uzio, kwani mtoto huvigeuza ngazi. Na lango zuri lililozuiwa kwa jiwe ili watu wapite kwa urahisi na sahani za chakula, limekwisha kuwa si kinga tena.

Je, sheria zinasemaje? Ufaransa ni mfano mzuri. Sheria ya tarehe 3 Januari mwaka 2003 iliwataka wenye mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini kuweka angalau kinga moja kati ya nne: uzio, kengele ya tahadhari, kifuniko cha usalama, au kibanda kinachofunika bwawa lote. Wabunge wa Ufaransa waliutambua ugeni tuliouzungumzia, kwani nyumba zinazokodishwa kwa msimu zilitakiwa kutimiza masharti hayo mwaka 2004, mapema kuliko mabwawa mengine ya zamani yaliyopewa muda hadi mwaka 2006. Kwa hiyo, msafiri aliyekodi nyumba yenye bwawa la namna hiyo nchini Ufaransa ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya kinga hizo nne iliyopo, na kuonyeshwa inavyofanya kazi.

Huko Florida, sheria ya usalama wa mabwawa ya makazi ilianza kutumika Oktoba mwaka 2000, nayo pia inadai angalau kinga moja. Lakini iliyahusu mabwawa mapya. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa haina kinga yoyote, na hata iliyojengwa baadaye inaweza kuwa na kengele ya mlangoni tu, ambayo wapangaji waliotangulia waliizima kwa kuchoshwa na mlio wake. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba palipo na sheria pana usalama. Sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuweka kinga, lakini haiwezi kuhakikisha kwamba kinga hiyo inafanya kazi alasiri ile unayofika na watoto wako.

Na hapa ndipo penye shina la makala yetu. Ukaguzi wa bwawa unapaswa kufanywa kabla ya sanduku la kwanza kushushwa. Mtu mzima mmoja abaki na watoto garini au chumbani, na mwingine aingie peke yake kukagua. Ni kazi ya robo saa tu.

Aanze na milango. Aifungue na kuifunga kila inayoelekea bwawani, pamoja na madirisha ya chini. Mlango wa kioo wa kusukuma kando unaweza kuzuiwa kwa kipande cha mbao kilicholazwa ndani ya reli yake. Zipo pia kengele ndogo za betri zinazobandikwa mlangoni ambazo hulia mlango unapofunguliwa. Ni za bei nafuu, huingia mfukoni, na familia yenye watoto wadogo haipotezi kitu kuzibeba safarini. Mlango mdogo wa kupitishia paka au mbwa usisahauliwe, kwani mtoto anayetambaa hupita humo.

Kisha alijaribu lango la uzio. Aliache wazi kidogo na kutazama kama linarudi na kujifunga. Kama kuna uzio wa kutandazwa uliokunjwa stoo, autandaze siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Kama bwawa lina kifuniko cha plastiki laini cha kuhifadhi joto, afahamu kwamba kifuniko hicho hakimbebi mtoto, bali humficha asionekane. Hicho kiondolewe chote wakati watu wanapoogelea. Maboya na vitu vya kuchezea viondolewe majini na kuwekwa mbali, kwani ndivyo vinavyomvuta mtoto. Kama kuna jakuzi, kifuniko chake kifungwe kwa kufuli.

Baada ya hapo ayatazame maji yenyewe. Lazima aweze kuiona sakafu ya bwawa upande wa kina kirefu. Maji ya kijani au yenye ukungu si tatizo la uchafu peke yake, kwa sababu mtu aliyezama ndani yake haonekani. Chini ya bwawa kuna tundu la kunyonyea maji linaloongozwa na pampu, nalo linapaswa kuwa na kifuniko kizima kilichokazwa. Nguvu ya pampu inaweza kumnasa mtoto, au kuzivuta nywele ndefu. Mwezi Juni mwaka 2002 mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani James Baker, alifariki dunia baada ya kunaswa na mvuto wa namna hiyo ndani ya jakuzi. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Desemba mwaka 2007 na kuzitaka jakuzi na mabwawa ya umma nchini Marekani yawe na vifuniko visivyonasa mwili. Kifuniko kilichovunjika au kisichokuwapo kina jibu moja tu: mtu asiingie majini mpaka kitengenezwe. Na familia nzima ijue swichi ya kuzimia pampu iko wapi.

Katika baadhi ya mashamba ya Oman na nchi jirani, linaloitwa bwawa la kuogelea ni birika lenye kuta zilizonyooka na lisilo na ngazi ya kukanyaga. Mtoto akitumbukia humo hana pa kushika. Mamlaka ya Ulinzi wa Raia na Huduma za Wagonjwa ya Oman imekuwa ikiwakumbusha wazazi mara kwa mara wasiwaache watoto peke yao karibu na maji. Birika la namna hiyo lisihesabiwe kuwa bwawa la watoto, hata likiwa na maji safi kiasi gani.

Wapenzi wasikilizaji, baada ya uzio na milango, kinga inayofuata ni macho ya mtu. Katika mikusanyiko yetu watu wazima huwa wengi, na wingi huo hutupa utulivu usio na msingi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Watu wazima kumi wakiwa kando ya bwawa, kila mmoja hudhani wale tisa wanatazama. Kwa hiyo, mlinzi awe mmoja na atajwe kwa jina. Apewe zamu ya dakika 15 au 20, na avae kitu kinachomtambulisha, kama filimbi shingoni. Zamu yake ikiisha asiondoke mpaka mwenzake aipokee filimbi na kutamka kwamba sasa ni yeye. Aliye zamu hasomi ujumbe wa simu, hageuzi nyama kwenye jiko, wala hanywi kileo. Kwa watoto wadogo na wasiojua kuogelea, mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nao, karibu kiasi cha kuweza kumshika mtoto kwa kunyoosha mkono.

Katika istiraha nyingi wanaume na wanawake hutumia bwawa kwa nyakati tofauti. Utaratibu huo ni mzuri, lakini saa ya kupokezana ina pengo: kundi moja limekwenda kubadilisha nguo, kundi jingine bado limekaa barazani, na watoto wako katikati. Mapengo kama hayo hutokea pia wakati wa sala, wakati sinia za chakula zinapoandaliwa, na wakati wa kuagana. Katika saa hizo watoto watolewe majini, lango lifungwe, na wahesabiwe.

Vilevile si haki, wala si salama, kumwachia yaya au dada wa kazi jukumu hili bila kumuuliza kama anajua kuogelea. Wala asiachiwe binti wa miaka 12 kuwalinda wadogo zake. Na katika nyumba za ufukweni Kenya au Zanzibar zenye mpishi na askari wa getini, watu hao wameajiriwa kwa kazi nyingine. Kuwapo kwao uani si ulinzi wa bwawa.

Kuna pia mambo madogo yanayosaidia. Nguo za kuogelea za watoto ziwe za rangi kali kama machungwa au waridi la kung'aa, kwa sababu nguo za buluu na nyeupe hupotea machoni ndani ya maji. Maboya ya kupuliza ya mikononi na pete za plastiki ni vitu vya kuchezea, vinaweza kuchomoka au kuishiwa hewa. Asiyejua kuogelea avalishwe jaketi la kuokolea lililothibitishwa na linalomtosha.

Hatari haiishi mtoto anapokua. Vijana hushindana kukaa chini ya maji, na kabla ya kuzama huvuta pumzi nyingi za haraka haraka. Kufanya hivyo huchelewesha ile hamu ya kupumua inayotuonya, na kijana anaweza kuzimia majini bila dalili, hata kama ni mwogeleaji hodari. Mchezo huo upigwe marufuku. Kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa nako kusiruhusiwe kwenye mabwawa ya nyumba, kwani mengi hayana kina cha kutosha, na ajali zake huvunja shingo.

Kujifunza kuogelea ni kinga nyingine muhimu. Kwa mujibu wa CDC, watoto weusi wa Marekani wenye umri wa miaka 10 hadi 14 hufa katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango kinachozidi mara 7 kile cha watoto weupe wa umri huo. Takwimu hiyo inawahusu pia watoto wa wahamiaji wetu, ambao wazazi wao huenda hawakupata kufundishwa. Wapo wazazi wanaosita kuwapeleka mabinti kwa sababu ya mavazi. Lakini huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi maalumu yanayositiri mwili, jambo linaloonyesha kwamba sitara na usalama vinaweza kwenda pamoja. Hata hivyo, anayejua kuogelea bado anahitaji kuangaliwa.

Mwisho tuzungumzie dharura. Mtoto akikosekana, mahali pa kwanza pa kutazama ni bwawani. Vyumba, makabati na uvungu wa kitanda vitasubiri, maji hayasubiri. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu za kukosa hewa.

Ukimwona mtu anazama na wewe si mwogeleaji, usijitose, hasa ukiwa umevaa kanzu, abaya au khanga, ambazo zikilowa huwa mzigo. Lala chini ukingoni umnyooshee mti, taulo au leso ndefu, au umrushie boya, hata dumu tupu lililofungwa kizibo. Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili kutoa maji, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Hilo hupoteza muda na linaweza kumpalia kwa matapishi.

Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake ili njia ya hewa ifunguke, na anza kwa kumpulizia pumzi, kwa sababu aliyezama amekosa hewa kabla ya yote. Maelekezo ya Ulaya ni kuanza na pumzi 5, ya Marekani ni 2. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika na kwa kina cha karibu theluthi moja ya kifua cha mtoto, halafu pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka apumue au wahudumu wafike. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe mdomo, kisha endelea. Mafunzo ya siku moja ya huduma ya kwanza hufundisha haya kwa vitendo, nayo yanafaa kuliko maelezo yoyote ya redioni. Na mtoto aliyezinduka apelekwe hospitali hata akionekana mzima, maana mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Wakati mmoja anaokoa, mwingine apige simu. Aliye peke yake aweke simu kwenye spika na kuendelea. Nambari ni 9999 nchini Oman, 998 kwa gari la wagonjwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, 999 Uingereza, 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, na 911 Marekani na Kanada. Lakini nambari pekee haitoshi, kwani mgeni huulizwa yuko wapi naye hajui. Shamba la Barka linaweza lisiwe na jina la mtaa. Kwa hiyo siku ya kwanza, anwani kamili au alama za njia ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na mlango wa bwawa, pamoja na nambari hiyo.

Wapenzi wasikilizaji, hakuna hata moja kati ya haya linaloiondoa furaha ya likizo. Uzio ukikosea, mlango uwe umefungwa. Mlango ukisahauliwa, kengele ilie. Kengele ikinyamaza, awepo mtu mwenye filimbi. Kila kinga inasimama nyuma ya nyingine kwa sababu kila moja, kwa wakati wake, hushindwa. Kwa leo tunaishia hapo. Tunawatakia safari njema na mapumziko mema, ninyi na watoto wenu. Kwaherini.